Besi ya Baba Rachael

Redio ya gari la Bedan ilianza kuharibika karibu wakati uleule watu wa Ruiru walipoanza kuongea kwa kunong'ona.

Hivyo ndivyo Bedan mwenyewe alivyoliona jambo hilo. Kwanza wasoma habari walianza kumumunya maneno. Mchungaji akafuata, akawa anahubiri kama mtu anayeficha jino bovu. Kisha mkewe, Idah, ambaye zamani sauti yake ilivuka nyua tatu, akaanza kuongea na sufuria badala ya kuongea na watu. Hata jogoo wa Idah, aliyekuwa akiamsha mtaa wote wa Gitothua, siku hizi alifungua mdomo tu na kuufunga. Dunia ilikuwa imepungukiwa na pumzi, na Bedan aliivumilia dunia kwa moyo mkubwa.

Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha nguo mjini Thika tangu akiwa kijana asiye na ndevu mpaka kiwanda kilipofunga milango. Huko alisimama kati ya mashine za kufuma zilizopiga kelele mchana kutwa, na watu waliongea kwa mikono na nyusi. Mtu mwingine angejumlisha mbili na mbili. Bedan alijumlisha akapata redio mbovu.

Hakuna aliyeshuku. Wanaume wa rika lake walijulikana kwa kutowasikiliza watu wa nyumbani, kwa hiyo Bedan alionekana mzima kabisa. Tena alikuwa na dawa yake. Mtu akimaliza kusema na kumtazama usoni, Bedan aliitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Sawa sawa." Ajabu ni kwamba dawa hiyo ilimjengea heshima. Pale kanisani, ambako aliitwa kwa jina la binti yake, walisema Baba Rachael hana maneno mengi, ana hekima. Walimfanya mwenyekiti wa kamati mbili, na moja kati ya hizo mpaka leo hajui ni ya nini.

Basi akaamua kuitibu redio. Akanunua sabufa katika kibanda kimoja kando ya barabara pale Ruiru, spika pana kama sinia la pilau la watu wanane. Alitumia pesa ambazo Idah alikuwa ameweka za kubadilisha mabati ya jikoni. Amplifaya aliuziwa na mpwa wake Mwas, na juu yake kulikuwa na kibandiko kilichoandikwa WATI 3000 kwa rangi ya dhahabu. Boksi alilipeleka kwa Kyengo, seremala wa makochi.

"La ukubwa gani?" Kyengo aliuliza.

Bedan alipanua mikono kama anayemkumbatia mbuzi. Kyengo akapima mbuzi huyo kwa macho, akachukua mbao nyembamba zilizobaki alipotengeneza kitanda, akapigilia misumari, akavika kitambaa cha mahameli rangi ya damu ya mzee na vifungo kila pembe. Lilikuwa boksi zuri sana la kukalia.

Mziki ulipowashwa, kitu kilikohoa ndani ya gari lake, Probox. Namba ya gari ikatetemeka, mlango wa nyuma ukapiga makofi, na harufu ya waya uliopata joto ikafika mbele. Idah alisimama mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Hiyo ndiyo mabati yangu inalia hivyo?" aliuliza.

"Sawa sawa," Bedan akamjibu.

Lakini usimcheke sana. Palikuwa na kitu ambacho Bedan hakumwambia mtu, maana hata yeye hakujua namna ya kukisema. Besi ile, hata ikiwa inakohoa, ilipita kwenye kiti, ikapanda mgongoni, ikagonga mbavu. Ndani ya gari hilo hakubahatisha. Hakuna aliyemtazama akisubiri jibu. Wimbo ulikuja wenyewe mpaka kifuani na kumkuta nyumbani, na Bedan, aliyekuwa mpweke kuliko alivyodhani, aliupenda kwa hilo.


Jumatano jioni, Idah alimtilia ugali na sukuma, akaketi mbele yake, akafunga mikono.

Dada yake Idah, Kui, alikuwa jikoni. Bedan aliona kwamba Kui amekuja na mkoba wa nguo, akafikiri ni mambo ya chama. Chama cha Idah hakikuwa na kalenda.

"Baba Rachael," Idah alisema, akiwa ameelekeza uso kwenye taa, "nisikie vizuri. Watu wa Jared wanakuja hii Jumamosi. Wanakuja kujua boma na kumposa Rachael. Saa sita. Ndugu yako Ngigi nimeshamwambia, atakuwa msemaji wetu. Wewe kazi yako ni kuchukua krate tatu za soda na mikate asubuhi, halafu uvae ile suti. Umeelewa?"

Mimi nimesikia, wewe umesikia, hata Kui alisikia kule jikoni. Bedan aliona midomo ikienda, akashika neno Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa tayari imejaa kichwani mwake. Fundi mmoja wa Makongeni, Thika, alikuwa amemwagiza alete gari siku hiyo wafunge boksi jipya.

"Sawa sawa," akasema.

Idah hakuondoka. Aliendelea kumtazama, na macho yake yakawa na maji.

"Mtoto analia, Baba Rachael. Anasema humtaki Jared kwa sababu ni Mjaluo. Mimi nimemwambia baba yako si mtu wa hiyo. Lakini ukweli hata mimi sijui wewe ni mtu wa nini siku hizi. Alikuja kwa gari yako, akakwambia ameamua kuolewa, wewe ukampa mia mbili. Mia mbili! Kama mtu anaomba nauli! Hata jina la kijana hukuuliza. Kama hutaki, sema hutaki. Lakini Jumamosi usituaibishe."

Bedan aliyaona machozi. Akafikiri ni ya mabati. Moyo ulimuuma kweli, akanyoosha mkono juu ya meza, akamgusa mkewe kwenye kiganja.

"Sawa sawa, mama," akasema kwa upole. "Itatengenezwa."

Idah alifuta macho kwa ncha ya leso. Kwa muda mrefu hakuwa amepata jibu refu hivyo. Akaenda jikoni akamwambia Kui, "Amekubali."


Jumamosi Bedan aliondoka mapema, na Idah akamwona akitoka langoni, akamshukuru Mungu kwamba mwaka huu angalau soda zitafika kwa wakati.

Fundi wa Makongeni aliitwa Kaleli. Karakana yake ilipakana na ya mchomeleaji wa milango ya chuma, kwa hiyo kwa miaka mingi alikuwa amezoea kuongea kwa kupiga kelele huku uso wake ukiwa karibu na uso wa mteja. Bedan alimpenda tangu siku ya kwanza. Hatimaye alikuwa amepata mtu asiyenong'ona.

"Mzee, wewe ulinunua hii vitu kwa duka tatu!" Kaleli alipiga kelele, akilitoa boksi la Kyengo na kuliweka chini, ambapo mbwa wa mchomeleaji alilikalia mara moja. "Haziwezi kusikizana! Hii spika inataka wati mia tano, za ukweli. Hii amplifaya ya huyo kijana wako ikijitahidi mpaka ilie inatoa mia na hamsini. Hiyo elfu tatu ni ya kibandiko!"

"Ni mtoto wa dada yangu," Bedan alisema kwa huzuni.

"Basi mwambie dada yako amchape. Ukiilazimisha inaanza kukata sauti, na hapo ndipo koili, ule waya wa ndani ya spika, inaungua. Watu wanafikiri spika inachomwa na nguvu nyingi. Hapana, mzee. Nyingi inachomwa na nguvu kidogo iliyolazimishwa! Na hii boksi? Kubwa, nyembamba, inavuja kila kona. Besi inatoka mbele, hewa inapita nyuma inaikula. Unalipia hewa!"

Boksi jipya lilikuwa limeshatengenezwa. Kaleli alikuwa amelikata kwa ubao mzito ulioshindiliwa, kwa vipimo vya spika yenyewe na si vya mbuzi. Alikuwa ameliunga kwa gundi na skrubu, akaziba kila ufa, akalitia bomba la hewa la urefu alioupigia hesabu. Amplifaya aliileta nyingine, ndogo kwa umbo kuliko ile ya Mwas, isiyo na dhahabu. Akaeleza kwamba spika ina koili mbili, na kwamba zikiungwa namna moja amplifaya itachoka, zikiungwa namna nyingine italala usingizi, na ni lazima zitafutiwe ule mzigo inaoutaka. Bedan alisikia karibu yote. Alifurahi kama mwanafunzi aliyepata swali analolijua.

Ilipowashwa, haikukohoa. Besi ilitoka kwa utulivu, nzito, safi, ikatambaa ardhini. Mbwa aliondoka kwenye boksi la Kyengo. Maji kwenye ndoo yakafanya miduara. Mwenye saluni ya jirani, Nekesa, akatoka na kitana mkononi.

"Fundi! Vioo vyangu vinataka kuanguka! Kuna mteja ameshikilia kiti!"

Kaleli alimwinulia kidole gumba, kisha akamgeukia Bedan kwa uso wa mtu anayengoja sifa.

"Nzuri," Bedan alisema. "Lakini ongeza kidogo. Sauti ya mwimbaji bado iko chini. Siku hizi hawaimbi, wananong'ona."

Kaleli aliongeza. Mchomeleaji akazima mashine yake na kutoka nje kuangalia kama ni tetemeko.

"Bado kidogo," Bedan alisema.

Kaleli alizima mziki. Alimtazama mzee yule kwa muda, kisha akazunguka nyuma ya gari, akasimama mgongoni pake kabisa, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo si ndogo, "Mzee, kuna nyoka hapo kwa mguu yako."

Nekesa aliruka juu ya benchi, kitana kikaanguka. Mchomeleaji akarudi ndani mbio. Bedan alibaki amesimama, mikono mfukoni, akitabasamu, akiusubiri mziki uwashwe.

Kaleli akarudi mbele polepole. Hakupiga kelele tena, ila aliuweka uso wake karibu ili midomo ionekane.

"Mzee, spika, boksi na amplifaya sasa zimeelewana. Siwezi kukula pesa yako bure. Kile kimebaki si cha gari." Akagusa sikio lake mwenyewe.

"Ati nini?"

"Masikio."

"Masikio yangu ni mazima!" Bedan alisema, akachemka. "Si nakusikia wewe?"

"Mimi hata mawe yananisikia. Mzee, usikasirike. Baba yangu alikuwa anaendesha tingatinga kwa machimbo ya mawe. Tulidhani ni madharau. Mimi nilikaa mwaka mzima bila kumsalimia, nikisema kama hataki kunijibu, basi. Kumbe ni kelele zilimkula."

Bedan aligeuka nyuma. Alitazama benchi ambalo Nekesa bado alikuwa juu yake, akitafuta nyoka kwa macho, naye Kaleli akamweleza alichokuwa amesema nyuma yake kuhusu nyoka.

Ndipo Kaleli alipoona simu kwenye kiti cha dereva ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima. Ilikuwa imetetemeka hapo muda wote, lakini ndani ya gari lililokuwa likitetemeka lote, nani angejua? Aliiokota. MAMA RACHAEL. Akaipokea, na kabla hajasema neno aliitoa simu sikioni na kuishika mbali.

"Mama, mama, pole, mimi ni fundi... Thika, mama... Ndiyo, ni mzima..." Alisikiliza, akimtazama Bedan, na uso wake ukazidi kubadilika. "Ngai, Mungu wangu. Nitamwambia."

"Anasema nini?"

"Wakwe wako nyumbani."

"Wakwe wa nani?"

"Wako, mzee! Watu wa huyo Jared. Wamefika saa sita, sasa ni saa nane. Mama anasema alikwambia Jumatano na ukakubali. Wanasema umekimbia kwa sababu hutaki Wajaluo kwa boma yako. Wanataka kuondoka. Msichana amejifungia chumbani." Kaleli alimrushia funguo. "Na anasema mambo ya soda. Hiyo nyingine sitaisema, wewe ni mzee wa kanisa."


Bedan alitoka Thika bila kuwasha mziki. Alipita Witeithie, akapita Juja, na kwa mara ya kwanza aliyapima masikio yake kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta kibeti. Lori lilimpita, alihisi upepo wake tu. Injini yake mwenyewe aliijua kwa nyayo. Alipiga honi, na ile honi, aliyoinunua mpya mwaka jana, ilisikika kama iko kwa majirani.

Aliogopa. Na baada ya woga ikaja aibu, na aibu haikuja peke yake, ilikuja na zile sawa sawa zote, moja baada ya nyingine. Kumbe alikuwa amekubali nini na nini? Aliyakumbuka machozi ya Idah juu ya ugali. Hayakuwa ya mabati. Akamkumbuka Rachael ndani ya gari hilihili, Jumapili ile, akisokota mkanda wa mkoba wake, akisema kitu kirefu huku ameangalia dirishani. Naye baba, alipoona amenyamaza, akatoa mia mbili. Mtoto aliipokea ile noti kwa mikono miwili, akaitazama, akashuka. Wakati ule Bedan alijiona baba mkarimu.

"Ngai," akasema peke yake, na hata hilo hakulisikia vizuri.

Akasimama Juja kununua soda. Huko nyuma sabufa ilikuwa imekula nafasi yote ya mizigo, kwa hiyo krate zikakaa kiti cha mbele na kuvikwa mkanda, na mikate ikawekwa juu ya boksi jipya la Kaleli.


Kule Gitothua, mdogo wake Bedan, Ngigi, alikuwa amedanganya mpaka koo likakauka. Alikuwa amesema kuna jam. Alipoambiwa barabara iko wazi, akasema ni pancha. Baada ya pancha akaleta mgonjwa. Mgeni mkuu, Mzee Odongo, ndugu mkubwa wa baba yake Jared, mtu mrefu aliyefanya kazi maisha yake yote katika shamba la kahawa, alimsikiliza kwa adabu mpaka mgonjwa alipokufa. Hapo akachukua kofia yake.

"Asante kwa chai," alisema. "Kwetu mwenye boma akitoka siku ya wageni, hiyo ni jibu. Hatuna ubaya. Jared, ita shangazi yako twende."

Jared, kijana mwenye mabega mapana anayetengeneza mashine katika kiwanda kimoja hapo Ruiru, alitazama mlango wa chumba cha Rachael, kisha akainama. Shangazi yake, Apiyo, alichukua kikapu ambacho hakuna aliyekuwa amekipokea. Idah aliwafuata uani akiomba, akifunga leso na kuifungua, na majirani walikuwa wamepata kazi nyingi ghafla karibu na ua.

Walipofika langoni, Probox iliingia na kuliziba. Lango lile lilikuwa jembamba. Gari likisimama hapo, hata kuku hakupita. Bedan akashuka bila koti, mafuta ya karakana kwenye shati, krate moja mkononi.

"Karibuni," akasema kwa sauti kubwa mno, kama ilivyokuwa sauti yake siku hizo. "Rudini ndani. Nawaomba. Mniue, lakini ndani."

Hawakuwa na pa kupita. Wakarudi.

Sebuleni wazee walikaa upande wao, akina mama mlangoni kuelekea jikoni, kama desturi inavyotaka. Rachael alitolewa chumbani na Kui, macho yamevimba, akasimama ukutani bila kumwangalia baba yake. Mzee Odongo aliketi na kofia gotini. Akaanza kusema. Alikuwa mtu wa heshima, na watu wa heshima wakikasirika huteremsha sauti. Aliongea kwa muda, polepole, ndevu nyeupe zikipanda na kushuka. Kisha akanyamaza, na sebule nzima ikamgeukia Bedan.

Bedan aliyajua macho hayo. Yalikuwa yaleyale ya kanisani, ya mezani, ya kila mahali. Sawa sawa ilikuwa imeshapanda mpaka kwenye ulimi, imesimama pale, tamu, tayari. Ingemwokoa tena. Akamtazama binti yake.

"Sijasikia," akasema.

Ngigi alikohoa. "Anamaanisha anataka kufikiria..."

"Simaanishi hiyo. Sijasikia, Mzee. Hata neno moja." Akagusa sikio lake. "Masikio yangu yaliisha. Ni zile mashine za kiwanda. Yaliisha zamani, na mimi nikasema ni redio. Leo fundi ameniambia kuna nyoka na sikusikia. Sikujua mnakuja. Mama Rachael aliniambia, na nikasema sawa, na sikujua nimesema sawa kwa nini. Rachael..." Hapa akamtafuta Jared kwa macho, akaanza upya. "Rachael aliniambia habari ya huyu kijana, nikampa mia mbili. Nilifikiri anataka nauli. Mwanangu, mimi hata jina lake nimelijulia kwa fundi."

Palikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza Bedan na watu wengine walikuwa wakisikia kitu kimoja.

Idah ndiye aliyekivunja. "Kwa hivyo miaka hii yote nimekuwa naongea na nani?" alipasua sauti yake ya zamani, ile ya nyua tatu. "Eh? Nilipokuambia nataka kuuza shamba ya mama ukasema sawa sawa! Nilipokuambia siku moja nitakuacha, ukasema sawa sawa! Nililia wiki moja, Bedan! Wiki!"

Hilo alilisikia. Akainamisha kichwa. "Usiniache," akasema.

Shangazi Apiyo alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka akajizuia kwa kiganja, kisha akashindwa, na Mzee Odongo akageuza uso kuelekea ukutani, mabega yakitikisika. Ngigi, ambaye uongo wake wote ulikuwa umekufa kabla ya mgonjwa wake kuzikwa, akacheka kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Idah hakucheka. Alichukua kigoda, akavuka sebule mbele ya kila mtu, akakiweka katikati ya wazee, goti lake likigusa la mumewe.

"Mama Rachael," Ngigi alisema, "hapa ni kwa wazee."

"Basi wewe mpigie kelele mpaka jioni."

Ngigi alifikiria koo lake. Kigoda kikabaki.

Hivyo ndivyo boma lile lilivyofanya mazungumzo ya ukwe ambayo Gitothua haijawahi kuyaona. Mzee Odongo alisema sentensi, Idah akaipokea na kuipeleka kwenye sikio la Bedan kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza makaa. Mambo ambayo wazee huyasema kwa mafumbo yalitoka mpaka uani yakiwa uchi. Wageni walipodokeza kwamba wangeomba kupumzishwa kidogo kwa habari ya mbuzi wa mahari, Idah akatangaza, "WANASEMA MBUZI NI NYINGI!" na nyuma ya ua mtu akasema, "Ni ukweli." Bedan alisikiliza kila kitu. Alirudisha maswali ya wageni, akauliza baba wa Jared alizikwa wapi, akauliza kijana anakula nini, anaamka saa ngapi. Alichosha watu. Hakusema sawa hata mara moja bila kurudia kwanza alichoambiwa, na Jared alijibu yote akiwa amesimama, jasho likimtoka, uso ukimng'aa.

Mwisho likaja lile swali la mila ambalo baba humuuliza binti mwenyewe: akimwambia anywe kinywaji cha wakwe, ameikubali ndoa. Glasi ikajazwa soda badala ya pombe ya wakwe, maana nyumba ilikuwa ya kanisa, akapewa Bedan. Rachael akaitwa mbele.

"Rachael," baba alisema, "unawajua hawa watu? Nikunywe hii kitu yao?"

Msichana wa heshima hulijibu swali hilo akiwa ameinama, kwa sauti ya chini. Rachael aliinama, midomo ikatikisika.

"Sijasikia," Bedan alisema.

Idah alijiinua amfikishie. Bedan akamzuia kwa mkono. "Hapana. Hii nataka kwake."

Rachael alirudia, kwa sauti iliyopanda kidogo. Bedan alitega sikio, akakunja uso, akatikisa kichwa.

"Sijasikia, mama."

Ndipo Rachael alipoinua kichwa. Alimtazama baba yake machoni, na yale yote aliyokuwa ameyameza tangu Jumapili ile ya mia mbili yakamtoka kwa pamoja, akalia na kucheka na kupiga kelele: "Nawajua, Baba! Nampenda! Kunywa!"

Kelele ikapita mabati, ikapita ua. Huko nje majirani wakapiga vigelegele kana kwamba walikuwa wamealikwa. Bedan alikunywa glasi yote bila kupumua, soda ikamwagikia shati la mafuta, na machozi yakashuka humo humo.

Katika vifijo vile Idah alimwinamia sikioni. "Umesikia sasa?"

"Nimesikia."

Alimtazama kwa makini, kwa macho ya mwanamke aliyeishi na mtu miaka mingi na ndio kwanza ameanza kumfahamu. "Bedan. Ulisikia mara ya ngapi?"

Bedan alifuta mdomo kwa kiganja, akaangalia upande wa Rachael, aliyekuwa amezungukwa na shangazi wa pande zote mbili.

"Ya pili," akasema.